Kuchoka Si Kupata Usingizi



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza juu ya kofia ngumu, vumbi la mawe, na maji safi ya kunywa. Leo somo letu ni usingizi. Labda mmoja wenu atauliza: usingizi na usalama wa kazi vinahusiana wapi? Basi sikilizeni kwanza habari hii.

Mwishoni mwa mwaka 2021 dereva mmoja wa lori, baba wa watoto 5, alikuwa anarudi Goma kwa barabara ya Sake. Ilikuwa saa 9 za alasiri. Barabara ilikuwa kavu, breki nzima, matairi mapya. Gari likaacha njia, likakwaruza ukuta wa mawe meusi ya volkano, likasimama. Hakuna aliyeumia. Alipoulizwa sababu, alisema mbuzi alikatiza njia. Kesho yake alikuja kwangu kwenye dispansere, akafunga mlango, akaniambia ukweli: "Docta, mbuzi hakuwapo. Nililala. Mwezi wa sita huu usiku silali. Unipe Valium."

Amenipa ruhusa kueleza habari yake bila kutaja jina. Anasema kama itamsaidia dereva mwingine asifikie ukuta ule, ni vizuri. Na mimi nitaeleza pia kosa nililolifanya katika kumtibu, kwa sababu ndani ya kosa hilo mna somo lenyewe.

1. KUKOSA USINGIZI NI NINI?

Kila mtu hukosa usingizi mara moja moja. Mtoto ana homa, ardhi imetetemeka, risasi zimelia mbali, kesho kuna matanga. Huo si ugonjwa. Mwili unakesha kwa sababu kuna jambo la kukeshea.

Waganga husema mtu ana ugonjwa wa kukosa usingizi wa muda mrefu akiwa na mambo haya pamoja: anashindwa kushikwa na usingizi, au anaamka katikati ya usiku na kushindwa kulala tena, au anaamka mapema mno, jambo hilo linampata angalau mara 3 kwa juma, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, mchana wake unaharibika, na hayo yote yanatokea ingawa ana nafasi ya kulala.

Maneno hayo ya mwisho tusiyasahau. Mama anayelala saa 6 za usiku na kuamka saa 10 ili awahi maji na moto, huyo hana ugonjwa huu. Amepungukiwa na saa za kulala. Dawa yake ni kugawana kazi za nyumba, siyo mazoezi wala vidonge.

Hatari yake kazini ni kubwa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliokesha na watu waliokunywa pombe. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi ya mikono na macho vibaya kama mtu mwenye gramu 0.05 za alkoholi katika kila mililita 100 za damu. Akikesha saa 24, anakuwa kama mwenye gramu 0.10. Hatumruhusu mlevi kushika usukani. Lakini aliyekesha tunampa funguo za gari, kwa sababu kinywa chake hakinuki.

2. USINGIZI UNATOKA WAPI?

Usingizi unaletwa na mambo matatu. Tukiyajua, tutaona mazoezi yanaingia wapi.

La kwanza ni uzito wa usingizi. Tangu tunapoamka, ubongo unafanya kazi, na ndani yake inakusanyika kidogo kidogo kitu kiitwacho adenosini. Kadiri tunavyokaa macho, ndivyo inavyozidi, mpaka jioni kope zinakuwa nzito. Tukilala, inapungua. Kahawa inatukesha kwa sababu kafeini yake inakwenda kukaa kwenye kiti cha adenosini. Saa 5 hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini hiyo bado iko mwilini. Kikombe cha saa 11 za jioni kinakuwa bado kinafanya kazi saa 4 za usiku.

La pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo kuna saa inayoongozwa hasa na mwanga wa jua. Sisi wa Goma tuko karibu na ikweta: jua linatoka karibu saa 12 za asubuhi na kuzama karibu saa 12 za jioni, mwaka mzima. Tuna saa ya bure juu ya vichwa vyetu. Anayepata mwanga wa asubuhi na kuamka saa ileile kila siku, saa yake ya ndani inakwenda sawa. Anayeamka leo saa 11, kesho saa 3, anaivuruga.

La tatu ni utulivu. Mtu anaweza kuwa na uzito wa usingizi, na saa ya mwili ikawa sawa, lakini moyo wake bado unalinda mlango. Hapa Goma jambo hili tunalijua. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji. Ililipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko yakaendelea siku nyingi, hata wakubwa wakaamuru mitaa mingi ya mji ihame. Watu wengi walilala nje, au hawakulala kabisa. Tukiongeza vita, mioyo mingi imefundishwa kukesha. Hatari inaweza kupita, lakini moyo ukabaki kwenye zamu.

3. KOSA LANGU

Dereva wetu alikuwa amepoteza nyumba yake ya Buhene katika moto ule wa mwaka 2021. Alikuwa amekodi vyumba viwili upande wa Ndosho. Nilipomsikiliza, nilikataa kumpa Valium, na hapo sikukosea. Dawa hiyo, na ndugu zake wa jamii moja, inaleta usingizi kwa siku chache, kisha mwili unaizoea na kudai zaidi. Tena inaacha uzito asubuhi, na huyu ni dereva.

Lakini nikamwambia maneno ambayo hata wewe huenda umewahi kumwambia mtu: "Papa, mwili wako haujachoka. Uchoshe, utalala."

Alitii. Jumamosi ile ile alikwenda uwanjani na vijana, akacheza mpira tangu saa 11 mpaka giza lilipoingia. Hakuwa amecheza miaka 10. Akarudi nyumbani miguu ikiuma, moyo ukidunda, akanywa Primus 2 za kutuliza kiu, akalala kitandani akingoja usingizi. Ulipofika saa 8 za usiku alikuwa bado anahesabu mabati ya dari. Jumatatu alikuja na uso wa mtu aliyekata tamaa: "Docta, hata mpira umeshindwa."

Mpira haukushindwa. Mimi ndiye niliyekosea, kwa kufikiri kwamba mazoezi ni kama kidonge: unameza jioni, unalala usiku. Tena nilichanganya mambo mawili. Kuchoka ni kupungukiwa na nguvu katika misuli. Usingizi ni kazi ya ubongo. Mara nyingi vinakuja pamoja kama mtu na mdogo wake, lakini si mtu mmoja. Unaweza kuchoka sana na usilale.

4. WATAFITI WALIONA NINI?

Baada ya hapo nilisoma zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Northwestern, kule Chicago, Marekani, walitoa habari ya wanawake 11 wa umri mkubwa, wote wagonjwa wa kukosa usingizi na wasio na mazoea ya mazoezi. Kwa majuma 16 walifanya mazoezi ya wastani, kwa kawaida nusu saa, mara 3 kwa juma. Watafiti wakalinganisha siku kwa siku: je, siku ya mazoezi usiku wake ulikuwa mwema zaidi?

Jibu lilikuwa hapana. Siku moja ya mazoezi haikuonekana kuleta usiku mmoja mzuri. Lakini waliona mambo mengine mawili. Kwanza, usiku ukiwa mbaya, kesho yake mtu alifanya mazoezi kwa muda mfupi zaidi. Pili, majuma 16 yalipokwisha, walikuwa wanalala vizuri zaidi kuliko mwanzo, karibu robo tatu ya saa zaidi kwa usiku.

Watu 11 ni wachache, lakini habari yao inaeleza vizuri yale niliyoyaona hapa. Usiku mbaya unakula mchana unaofuata. Mtu hakulala, basi asubuhi anabaki kitandani, anachukua pikipiki hata kwa njia fupi, anakaa, anasinzia kivulini, anakunywa kahawa. Mchana wa namna hiyo haujengi uzito wa usingizi, wala hauipi saa ya mwili alama. Usiku unaofuata unakuwa mbaya tena. Ni gurudumu linalozunguka.

Gurudumu hilo tulikatie wapi? Usiku hatuna mamlaka nao. Hakuna anayeweza kujiamuru, "Sasa lala." Kadiri anavyojilazimisha, ndivyo anavyoamka zaidi. Mchana ndipo tulipo na mamlaka kidogo. Miguu inasikia amri. Kwa hiyo tunaanzia kwenye mchana, na hatuudai usiku malipo ya haraka.

5. MWENDO WA MCHANA UNASAIDIAJE?

Mazoezi ya kila siku yanasaidia kwa njia nyingi ndogo. Yanapasha mwili joto, na baadaye joto hilo linaposhuka, mwili unaona ni wakati wa kupumzika. Yanapunguza wasiwasi na huzuni, mambo ambayo ni adui wakubwa wa usingizi. Mtu anayetembea nje anapata mwanga wa jua unaoweka saa yake sawa. Na mtu aliye na mwendo mchana kutwa anasinzia mara chache, basi uzito wake wa usingizi unabaki mzima mpaka usiku.

Hakuna hata moja katika hizo lenye nguvu ya kumwangusha mtu usiku mmoja. Zikijumlishwa majuma mengi, zinafanya kazi.

Mfano mwingine tuutazame kwa majirani. Mwaka 2015 kilichapishwa kipimo cha usingizi wa watu wa makabila matatu wanaoishi bila umeme, na mmoja wao ni Wahadza wa kaskazini ya Tanzania, wawindaji na wachimbaji wa mizizi wanaotembea sana kila siku. Watu hao walilala kwa wastani kati ya saa 5.7 na saa 7.1 kwa usiku. Hiyo si zaidi ya watu wa mjini. Lakini wanaolalamika kwamba hawapati usingizi walikuwa wachache sana. Hawalali jua linapozama; wanakaa saa 3 hivi kwanza, na wengi wanaamka kabla jua halijatoka. Tujifunze mambo mawili: saa 8 si sheria kwa kila mtu, na mpango uleule kila siku una faida kuliko kulala mapema mno.

6. "MIMI NACHIMBA MCHANA KUTWA. MBONA SILALI?"

Swali hili ninaletewa na wenzetu wa shoka, wa nyundo, na wa kubeba magunia. Ni swali la haki. Kama mwendo unaleta usingizi, wao wangelala kama mawe.

Jibu ni kwamba kazi nzito ya saa 9 si sawa na mazoezi. Katika mazoezi mtu anachagua mwendo wake, anapumzika akitaka, anatikisa mwili wote, anamaliza mapema. Katika kazi nzito mgongo umeinama mahali pamoja, mzigo hauchagui, na maumivu yanarudi nyumbani pamoja na mtu. Mtu mwenye maumivu ya kiuno anaamka kila anapogeuka. Na akiwa na deni la mchele na karo ya shule, misuli inalala lakini kichwa kinapiga hesabu.

Kwa ndugu huyo sitasema, "Ongeza mazoezi." Nitasema: nyosha mgongo na mapaja kwa dakika 10 baada ya kazi. Tembea polepole kurudi nyumbani, bila mzigo. Oga. Kula mapema, bugali na sambaza vinatosha. Tumbo lililojaa saa 4 za usiku linakesha nalo. Na ukiwa na maumivu, njoo tuyatazame. Usiyafunike kwa lotoko.

Mwenye kazi ya kukaa, kama dereva, karani, mlinzi wa lango na mpokeaji wa simu, huyo ndiye anayehitaji kuongeza mwendo. Shirika la Afya la Dunia lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza nao, lakini huwezi kuimba. Dakika 30 kwa siku 5 zinatosha kuanza.

7. TULIVYOFANYA MARA YA PILI

Nilimwomba dereva msamaha, tukaanza upya. Tulichukua daftari la shule. Kila asubuhi aliandika mistari minne tu: nilipanda kitandani saa ngapi, nadhani nililala saa ngapi na kuamka saa ngapi, jana nilitembea dakika ngapi, jana nilikunywa nini na saa ngapi. Juma la kwanza hatukubadili kitu. Tulitaka kuona.

Daftari lilitufundisha. Kabla ya volkano alikuwa anatembea dakika 40 kwenda gereji na dakika 40 kurudi. Baada ya kuhama, pikipiki ilimchukua mlangoni na kumwacha mlangoni. Mwendo wake wote wa siku haukufika dakika 10. Thermos ya kahawa ilimalizika saa 12 za jioni. Mchana alilala saa nzima ndani ya lori akingoja mzigo. Na usiku alipanda kitandani saa 2, "ili kulipa deni," kisha akalala macho wazi mpaka saa 7. Mtu huyu alikuwa na mateso, lakini pia alikuwa ameondoa bila kujua kila kitu kinacholeta usingizi.

Tukapatana haya. Kuamka saa 11 na nusu za asubuhi kila siku, hata Jumapili, hata baada ya usiku mbaya. Pikipiki imshushe Katindo, sehemu iliyobaki atembee, nusu saa. Kahawa mwisho saa 7 za mchana. Akisinzia kivulini, isizidi dakika 20. Kitandani asipande kabla ya saa 4 za usiku, na apande akiwa na usingizi. Akikaa macho kwa muda anaoona ni mrefu, atoke kitandani, akae kwenye kigoda gizani, arudi usingizi ukija. Njia hii ya kutoka kitandani ilifundishwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin, Mmarekani, tangu mwaka 1972, na mpaka leo ni moja ya njia zenye nguvu. Mwaka 2016 chama cha waganga wa Marekani kilishauri mafunzo ya namna hii yatangulie mbele ya vidonge kwa kila mtu mzima mwenye ugonjwa huu.

Nikamwomba pia mkuu wa gereji ampe kazi ya karakana kwa majuma 3, bila usukani. Alikubali. Kama hangekubali, mpango wote ungekuwa wa hatari, kwa sababu siku za kwanza mtu anasinzia zaidi mchana.

Siku ya 15 alirudi. "Docta, miguu inauma na usingizi hakuna." Nilimwonyesha daftari lake. Kweli saa za usingizi zilikuwa zilezile, kama 4. Nikamwambia: hatupimi usiku mmoja, hata majuma 2 ni machache, endelea, usihesabu. Juma la 4 aliandika kwamba anaamka mara 1 au 2 badala ya mara 5. Juma la 8 alikuwa analala karibu saa 6. Siku ardhi ilipotetemeka hakulala kabisa, na kesho yake alitaka kubaki nyumbani. Mke wake ndiye aliyemwambia: "Papa, daftari linasema utembee." Akatembea. Usiku wa pili ulirudi mahali pake. Siku hiyo nilijua kwamba ameshika somo.

Leo anaendesha. Hajawa mtu wa kulala kama mtoto. Bado kuna usiku anaokaa kwenye kigoda. Lakini asubuhi hapati tena ile hofu kwamba siku imekwisha haribika kabla haijaanza.

8. WENZETU WA ZAMU YA USIKU

Mlinzi na fundi wa pampu wanalala mchana, kinyume cha jua. Kwao mwendo ufanywe baada ya kuamka, kabla ya zamu, siyo asubuhi wakitoka kazini. Asubuhi waende nyumbani moja kwa moja, wavae kofia pana kupunguza mwanga, wazibe dirisha kwa pagne nzito, na watoto waambiwe wacheze kwa jirani. Katika zamu, kila baada ya saa moja zunguka ua dakika 5. Kahawa unywe mwanzo wa zamu, siyo mwisho.

9. KANUNI ZA KUSHIKA

Kwanza: amka saa ileile kila siku.

Pili: tembea dakika 30 kila siku, hasa asubuhi penye mwanga. Penye wasiwasi, usitoke gizani wala peke yako. Zunguka ndani ya ua wa kampuni au wa kanisa, au tembea na mwenzako. Kwenye mawe ya volkano vaa viatu vilivyofungwa.

Tatu: mazoezi ya nguvu, kama mpira na kukimbia, yaishe saa 2 kabla ya kulala. Kutembea polepole jioni hakuna ubaya.

Nne: baada ya usiku mbaya, usiufute mchana wako. Fanya nusu ya mwendo kama huwezi wote.

Tano: usihukumu kabla ya majuma 8.

Sita: Primus au kasiksi si dawa ya usingizi. Pombe inakulaza mapema na kukuamsha usiku wa manane.

Saba: kama hukulala, sema. Usishike usukani, winchi wala baruti. Kusema si aibu wala uvivu.

10. NANI AJE DISPANSERE KWANZA?

Usianze mazoezi kabla ya kutuona kama una maumivu ya kifua, unahema ukitembea polepole, au una damu ya kupanda isiyotibiwa.

Njoo pia kama unakoroma sana na mke au mume anasema pumzi inakatika usingizini. Kama kikohozi, jasho la usiku, mwasho, au kukojoa mara nyingi ndiko kunakokuamsha. Kama usingizi uliondoka tangu uanze dawa fulani. Deksametazoni, ambayo watu hununua sokoni ili kunenepa, inafukuza usingizi na kuharibu mwili.

Kama unaona tena na tena ndotoni mambo ya vita au ya moto, au unafikiri heri ufe, usingoje. Kutembea ni kuzuri, lakini hapo hakutoshi. Njoo siku hiyohiyo. Tutazungumza kwa siri na kukupeleka kwa mwenye ujuzi zaidi.

Na kama umemeza Valium kila usiku kwa majuma mengi, usiiache ghafula. Unaweza kupatwa na degedege. Tutaipunguza pamoja, kidogo kidogo.

MASWALI YA MKUTANO WA USALAMA

1. Kuna tofauti gani kati ya kuchoka na kuwa na usingizi?
2. Kwa nini mpira wa jioni moja haukumsaidia dereva?
3. Usiku mbaya unaharibuje mchana unaofuata? Gurudumu hilo tulikate wapi?
4. Katika timu yenu, nani anakaa sana na nani anabeba sana? Kila mmoja anahitaji nini?
5. Mwenzenu akisema asubuhi, "Sikulala," mkuu wa timu atampa kazi gani siku hiyo?

Swali la 5 mlijibu mbele ya mkuu wa timu mwenyewe, na jibu liandikwe katika kitabu cha zamu.

Madaftari ya usingizi yako dispansere, bure. Anayetaka kuanza aje Jumatatu au Alhamisi, baada ya saa 8 za mchana. Aje kwa miguu kama anaweza.

Msaidizi wa mganga wa kampuni, Goma